Sura ya Tano: Watu Tuliowahi Kufanya Nao Kazi

Ukitaka kuona watu wanavyoweza kupoteana bila kugombana, rudi mwaka 1977. Kabla ya hapo, mtu aliyeajiriwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki alikuwa na wenzake kazini katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, na ofisi za Jumuiya yenyewe zilikuwa Arusha. Shirika la ndege lilikuwa moja. Kijana wa Tabora aliweza kupangiwa kazi Kisumu, akapata jirani wa Mbale na mkuu wa kazi wa Nyeri, na hakuna aliyeona ajabu. Elimu nayo ilikwenda hivyo hivyo. Siku za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, aliyetaka sheria alielekea Dar es Salaam, aliyetaka udaktari Makerere, na aliyetaka uhandisi Nairobi. Kwa hiyo kizazi kizima cha wasomi na mafundi kilikuwa na marafiki waliotapakaa toka ziwani hadi pwani.

Mwanzoni mwa 1977 ndege za shirika la pamoja zikaacha kuruka. Kenya ikaanzisha shirika lake mwezi Januari, Tanzania ikafuata Machi. Tarehe 4 Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ilipofika katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekwisha. Sababu zimeandikwa sana: malalamiko kwamba faida inaelemea Kenya, mashirika kugombania fedha, Rais Nyerere wa Tanzania kukataa kukaa meza moja na Idi Amin aliyempindua Obote wa Uganda Januari 1971. Sitazirudia. Hapa ninawafuata watu wa chini, wale ambao majina yao hayakuwa kwenye mikataba.

Mfikirie karani wa stesheni ya Moshi na mwenzake wa Voi. Walikuwa kwenye njia moja ya reli, ile inayopitia Taveta, na treni haiondoki stesheni moja mpaka ya mbele iseme kwa simu kwamba njia iko wazi. Watu wa namna hiyo walijuana kwa sauti kabla ya kujuana kwa sura. Walijua nani amepata mtoto, nani ana mafua. Kisha treni zikaacha kuvuka mpaka, na simu ile ya kazi ikawa haina la kusema.

Wangeandikiana barua, utasema. Wangeandikiana kwa anwani gani? Wengi wao anwani yao ilikuwa sanduku la posta la mwajiri. Nyumba ilikuwa ya shirika, simu ya shirika, hata matibabu yalikuwa ya shirika. Shirika lilipokufa, anwani nayo ilikufa. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mali na madeni yakagawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha Mei 1984, baada ya usuluhishi wa miaka mingi wa Mswisi Victor Umbricht. Kufikia hapo aliyekuwa karani alishaondoka kota za reli, pengine amerudi kijijini kwao, pengine ni mfanyabiashara wa vitenge. Mpaka ulikuwa wazi, lakini ukiuvuka hujui umtafute kwenye mlango gani.

Ninaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inafanana na yetu kuliko tunavyodhani. Leo mtu akipunguzwa kazi, barua pepe ya ofisi hufungwa jioni ile ile, laini ya simu ya ofisi hurudishwa pamoja na kitambulisho, na kundi la WhatsApp la idara humtoa kabla hajafika nyumbani. Watu aliokula nao chakula cha mchana kwa miaka minane wanabaki upande wa pili wa geti. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kilichowaunganisha kilikuwa cha mwajiri, na mwajiri amekichukua.

Upande wa Tanzania kuna kundi moja lililokutana tena bila mtu kulipangia. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walidai mafao yao kwa miongo kadhaa, kwa barua, kwa maandamano, mahakamani. Jambo lenyewe lilikuwa chungu na sina nia ya kulipamba. Lakini madai yale yaliwakalisha kwenye mabenchi mamoja watu wa bandari, wa posta, wa reli na wa ndege, ambao wengine walikuwa hawajaonana tangu wakiwa vijana wenye suruali za bugaluu. Wazee wa namna hiyo ukikaa nao, utasikia nusu ya mazungumzo ni kesi, na nusu ni nani yuko wapi.

Methali ya milima haikutani lakini binadamu hukutana hutamkwa siku watu wakikutana. Wale ambao hawakukutana hawapo kuitamka. Ndiyo maana inaonekana haijawahi kukosea.

Na waliopotea wana thamani yao. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala ambayo mpaka leo wanafunzi wa fani hiyo hawaikwepi. Aliwahoji watu wa Newton, mji ulio karibu na Boston, ambao walikuwa wamebadilisha kazi karibuni. Wale waliopata habari ya kazi kupitia mtu, aliwauliza: wakati ule, huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu ndio walioonana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Marafiki wa kila jioni walikuwa wametoa kidogo. Waliotoa zaidi ni rafiki wa chuoni, mtu waliyewahi kufanya naye kazi, bosi wa zamani, watu ambao mhusika alikuwa karibu kuwasahau. Granovetter aliona jambo jingine ambalo wengi wanaomnukuu hulipita: uhusiano huo uliolala mara nyingi uliamshwa na kukutana kwa bahati tu, au na rafiki wa pande mbili aliyelitaja jina.

Ukifikiri kidogo utaona ni lazima iwe hivyo. Rafiki wa kila jioni anakunywa kahawa pale pale unapokunywa wewe. Habari ya nafasi ya kazi Mtwara mtaisikia wote wawili, au hamtaisikia wote wawili. Yule mliyeachana naye miaka sita iliyopita amekwishapita kwenye vikao ambavyo hujavikalia na kujuana na watu usiowajua. Upya wake umetokana na kule kupotea kwenyewe.

Lakini mgeni kabisa naye ana habari mpya, na humtegemei. Hapo ndipo mwenzako wa zamani anapomzidi. Watafiti watatu, Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan, walilichunguza hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Waliwataka mameneja waliokuwa wakisoma shahada ya uzamili ya biashara wawatafute watu ambao hawajawasiliana nao kwa miaka mitatu au zaidi, wawaombe ushauri juu ya mradi halisi wa kazini, kisha waulinganishe na ushauri wa watu wao wa sasa. Mameneja wengi walisitasita. Matokeo yakawashangaza wenyewe: watu wao wa zamani walitoa mawazo mapya zaidi, na imani waliyojengeana zamani haikuwa imeondoka. Mtu aliyewahi kukufichia kosa lako mbele ya mkaguzi wa hesabu hahitaji kujitambulisha upya.

Sasa niseme jambo ambalo tafiti za Boston na kwingineko hazilioni, kwa sababu kwao halipo kwa ukubwa wa kwetu. Kwetu simu ya mtu aliyepotea ina harufu ya mchango. Unaiona namba, unakumbuka jina, na kabla hujabonyeza kitufe cha kijani umeshaanza kupiga hesabu: harusi, msiba au ada ya mtoto? Salamu ikizidi kuwa ndefu, hofu inazidi. Anauliza habari ya mama, habari ya watoto, habari ya kazi, na wewe unangoja tu mzinga upigwe. Nusu ya wanaopiga simu hizo kweli wana shida, na si aibu kuwa na shida. Ila matokeo yake ni kwamba yule asiye na shida yoyote naye anaogopa kupiga. Anajua atakavyofikiriwa. Kwa hiyo wawili wanakaa kimya, huyu akiogopa kuombwa, yule akiogopa kuonekana mwombaji, na miaka inakwenda.

Nilichojifunza kwa mama mmoja, muuguzi mkuu mstaafu ambaye ana wenzake wa zamani kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ni kuweka wazi nia kwenye sentensi ya kwanza. Yeye huanza hivi: “Mwanangu, sina mchango wala mgonjwa. Nimepita Korogwe nikakumbuka ulivyokuwa ukiogopa maiti.” Upande wa pili kicheko kinatoka chenyewe. Ukiwa na shida, anasema, iseme nayo mapema, usiifunge ndani ya salamu kama kete ndani ya unga. Kinachowaudhi watu ni kuzungushwa.

Na kuna ile aibu nyingine, ya kimya chenyewe. Mwaka 2024 Lara Aknin na Gillian Sandstrom walitoa ripoti ya tafiti walizofanya kwa watu karibu 2,500. Waliwataka wafikirie rafiki wa zamani ambaye wangependa kuwasiliana naye, ambaye wanaamini angefurahi, na ambaye namba yake wanayo. Wakawapa hata dakika za kuandika ujumbe. Waliobonyeza kutuma hawakufika theluthi moja. Kumwandikia rafiki wa zamani kulionekana kuwa kugumu sawa na kuongea na mtu asiyejulikana kabisa. Kilichosaidia kinachekesha kidogo: wale ambao kwanza walitumia dakika chache kuwaandikia marafiki zao wa sasa, mikono ikapata joto, na zaidi ya nusu yao wakamtumia na yule wa zamani.

Sisi tuna namna yetu ya kuimaliza aibu hiyo, nayo ni kugombezana. “Umepotea!” “Nipo, wewe ndiye uliyepotea.” “Wewe ndiye uliyehama.” Pale Kenya watakwambia umekuwa mgeni. Lawama inatupwa huku na huku, hakuna anayeishika, na baada ya dakika moja imeanguka chini na mazungumzo yameanza. Naona ni njia nzuri kuliko kuomba radhi kwa adabu. Anayeomba radhi sana humlazimisha mwenzake kumfariji.

Basi, hiyo bahati ya kukutana aliyoitaja Granovetter hutokea wapi? Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha kitabu juu ya nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, mitaa iliyoitwa Westgate na Westgate West. Walikuta kwamba urafiki ulifuata milango na ngazi. Waliokaa karibu na ngazi za kupandia au masanduku ya barua walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa nyingine, kwa kuwa tu watu walipita mbele yao. Tabia zao hazikuwa za ajabu. Walikaa njiani.

Kwetu mahali penye mpito mkubwa kuliko pote ni msibani. Harusini watu huchaguliwa kwa kadi, na kadi hulipiwa. Msibani huja yeyote anayemkumbuka marehemu, na kila sehemu ya maisha yake huleta watu wake: wa shule, wa kazi ya kwanza, wa kazi ya pili, wa mtaa alikopanga kabla hajajenga. Wanakalishwa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, chini ya turubai moja, kwa saa nyingi bila shughuli. Hakuna mkutano wa kitaalamu unaoweza kuwapa watu saa hizo. Wanaume waliokuwa wakigombania cheo mwaka 1998 wanajikuta wanapitishiana sinia la wali. Bosi aliyestaafu anaitwa bosi mpaka leo, naye anaitika, lakini sasa anauliza dawa ya presha anayotumia aliyekuwa dereva wake ni ipi. Nimewahi kuona watu wakiandikiana namba nyuma ya ratiba ya mazishi, kwenye ile nafasi nyeupe iliyobaki chini ya picha. Anayeona hilo ni utovu wa heshima kwa marehemu hajakaa misibani vya kutosha. Marehemu ndiye rafiki wa pande mbili aliyewaita.

Baada ya msiba ni stendi za mabasi, korido za hospitali za rufaa, boti ya Dar es Salaam na Unguja, foleni ya kuhakiki vyeti. Mahali popote ambapo mtu hulazimika kungoja. Ukiagiza kila kitu kwa simu na kuletewa mlangoni na bodaboda, umejiondolea usumbufu, sawa, na umejiondoa njiani.

Nimesema sana juu ya watu wa zamani. Wapya hupatikana njia hiyo hiyo, ila wanadai muda zaidi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alijaribu kukadiria saa zinazohitajika: kama 50 ili mtu unayemfahamu awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Ni makadirio ya Wamarekani na sidhani yafaa kuyashika kama mizani ya dukani. Lakini ndani ya kazi yake kuna jambo linalohusu sura hii: saa mnazokaa pamoja kwa sababu ya kazi tu hazijengi ukaribu kama zile mnazozichagua wenyewe. Hilo linaeleza kitu ambacho wengi tumekiona bila kukielewa. Mwenzako wa dawati la jirani anaweza kubaki mwenzako wa dawati miaka kumi, kisha mnakutana sokoni baada ya wote wawili kuacha kazi ile, mnakwenda kunywa chai, na ndipo urafiki unapoanza. Mwanzoni hakuna aliyekuwa amemchagua mwenzake. Sasa mmechaguana.

Safari ndefu ndiyo iliyokuwa shule yetu ya marafiki wapya. Treni ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, huwaweka watu sita wasiojuana kwenye chumba kimoja cha daraja la pili, wanne daraja la kwanza, wanawake mbali na wanaume mbali. Chumbani humo hakuna namna ya kujifanya huwaoni wenzako. Mtu atashusha kitanda juu ya kichwa chako, mwingine atafungua kuku wake wa kukaanga na kusema karibu, nawe utakubali au utakataa, lakini utasema neno. Ikichelewa, na kuchelewa si jambo geni kwake, mnakuwa ndugu wa manung’uniko. Reli ya kisasa iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024 inakufikisha kwa saa chache tu. Ile ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza 2017, nayo ilichukua nafasi ya treni iliyokuwa ikilala njiani. Sitaki kudanganya: nikiwa na haraka napanda ya kisasa kama kila mtu, na nashukuru. Ila viti vyote vimejaa watu waliovaa visikilizio, na unaweza kushuka hujui aliyekaa ubavuni mwako alikuwa wa kabila gani, kazi gani, au anakwenda kwa nani.

Nicholas Epley na Juliana Schroeder walilijaribu hili kwenye treni za Chicago, wakachapisha mwaka 2014. Abiria wengine waliombwa wazungumze na jirani yao wa kiti, wengine wakae kimya, wengine wafanye kama kawaida yao. Walioombwa kukisia walisema ya kimya ndiyo itakuwa safari nzuri zaidi. Waliozungumza ndio walioshuka na furaha zaidi. Kila mmoja alidhani jirani hataki kusumbuliwa, na jirani naye alidhani vivyo hivyo. Kwa Mswahili wa miaka ya nyuma utafiti huu ungekuwa kichekesho. Kwamba kuna haja ya profesa kuthibitisha kuwa salamu haiui! Kwa mjukuu wake aliyezaliwa na simu mkononi, nadhani hauchekeshi tena.

Kinachobaki ni ufundi, nao ni mdogo. Fungua orodha ya namba kwenye simu yako uitazame. Humo kuna “Joni”, “Joni 2” na “Joni mpya”, na hujui hata mmoja wao ni nani. Yule muuguzi mkuu yeye huandika kwa namna yake: jina, kisha mahali, kisha jambo moja. “Rehema, basi la Songea, binti yake anasoma ufamasia.” “Kassim, maabara, ana mguu mbovu.” Miaka minne ikipita, akijisikia kupiga simu, hahitaji kujiuliza aanzie wapi. Anauliza binti amemaliza ufamasia? Anauliza mguu unaendeleaje? Nilipomwomba anioneshe nimeandikwaje, alikataa katakata, akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.